Mtihani wa Nyuki wa Kamati ya Moshi

Mwaka 1996, Kamati Maalumu ya Kupunguza Madhara ya Magari kwa Mazingira iliutangazia umma wa Mpanda kwamba hewa ya mji ingeokolewa Ijumaa, saa nne kamili asubuhi. Mji ulikuwa na magari kumi na mawili, mawili kati yake yakilaliwa na kuku. Kamati ilikuwa na wajumbe kumi na wanane, maana jambo la hatari halikabidhiwi watu wachache.

Seleman wa Shanwe, mwenye pikapu ya Pijo iliyobeba mahindi ya Magamba na asali ya Ugalla, alilisikia tangazo hilo kwenye kipaza sauti cha gari la kamati. Gari lilipita kwake mara sita siku hiyo, ili kila mwananchi aelewe ubaya wa kuendesha gari bila sababu.

Tatizo lilikuwa kipimo. Kifaa cha kupimia moshi kiliagizwa, kikapotea njiani. Ndipo mwenyekiti, Mheshimiwa Sylvanus, akakumbuka nyuki. Mrina asali yeyote anajua kwamba nyuki akifukizwa moshi hulegea, akawa mpole. Basi gari lingesimamishwa ekzosi ikitazama mzinga, injini ikinguruma, kisha mzinga ugongwe mara tatu. Nyuki wakinyamaza, gari ni chafu, lishikiliwe. Nyuki wakitoka na hasira, gari ni safi, mwenyewe apongezwe, kama atapatikana.

"Mheshimiwa, nyuki hana kamati," alionya mzee Yotham wa Ugalla, mwenye mizinga. "Nirudishieni angalau mwenge wangu wa kufukizia."

"Mwenge wako unatoa moshi bila kibali, mzee wangu. Nao umeshikiliwa."

Upimaji ulianza Jumatano. Zamu ya Pijo ilipofika, ilikohoa mara moja tu, mzinga mzima ukasinzia. Ufunguo ukaingia mfukoni mwa mwenyekiti, na pikapu ikaegeshwa kando ya jukwaa la kamati iwe funzo kwa wengine. Seleman alihisi moyo ukimshuka hadi kwenye kandambili. Gari lile lilikuwa ugali wa watoto wake wanne, na ndilo lililomwahisha mkewe Raya hospitali kila alipoumwa uchungu.

"Mheshimiwa, mimi Ugalla naenda mara moja kwa wiki, na siondoki mpaka gari lijae. Mazingira nayaharibu saa ngapi?"

"Kanuni ya sita inakataza kuwasha injini gari likiwa limesimama. Na wewe unasimama sana."

Ijumaa ikafika. Mgeni rasmi, Bi Immaculata kutoka mkoani, alikuja kwa basi, jambo lililoishtua kamati. Seleman alikuwa amejifungia ndani ya Pijo, vioo juu, akiiaga. Mwenyekiti alihutubia kwa saa mbili juu ya hewa, akaitumia nyingi. Alipomaliza, Bi Immaculata akauliza, "Na gari la kamati, limepimwa?"

Wajumbe wakakimbilia kulisogeza, ekzosi ikatazama mzinga. Sylvanus akamwinamia dereva wake, akanong'ona, "Zima injini kabisa. Moshi usionekane hata chembe."

Mzee Yotham alisikia. Papo hapo akakumbuka kwamba ana msiba Magamba, akaondoka kwa mwendo wa mtu aliyechelewa kuzika.

Mzinga ukagongwa mara tatu.

Gari la kamati lilifaulu. Lilifaulu kuliko gari lolote lililowahi kupimwa. Nyuki walitoka kwa wingi na kwa kauli moja, na wajumbe kumi na wanane wakaahirisha kikao bila hoja kutolewa. Bi Immaculata alipiga mbizi chini ya turubai la Pijo. Mwenyekiti alifika kioo cha dereva akicheza ngoma ambayo kabila lake halikuwa nayo.

"Seleman! Washa gari!"

"Niwashe na nini, Mheshimiwa? Ufunguo si unao wewe?"

Ufunguo ukapenyezwa juu ya kioo.

"Ila kanuni ya sita..."

"Imefutwa!"

"Na mwenge wa mzee Yotham?"

"Umerudishwa! Seleman, mdogo wangu, moshi!"

Seleman akakanyaga mafuta. Wingu jeusi likafunika jukwaa, nyuki wakalegea. Mwenyekiti alikutwa amepiga magoti nyuma ya ekzosi, akivuta hewa kwa shukrani.

Bi Immaculata, jicho moja likiwa limefumbwa na uvimbe, aliomba daftari la safari za gari la kamati. Kwa siku moja: chai, nyama, kinyozi, chai tena. Safari tisa, na ndefu kuliko zote ilikuwa ya hatua mia nne. Akaamua palepale kwamba gari hilo lipumzike, na kwamba kamati itazuru vijiji kwa Pijo ya Seleman, fundi akishasafisha nozeli za mafuta ili isitoe moshi. Seleman alicheka mpaka machozi yakamtoka, akasingizia moshi.

Jumatatu asubuhi, Pijo ilisimama Shanwe bila kukohoa. Mwenyekiti alikuwa nyuma, amekaa juu ya dumu, tai shingoni, mdomo umevimba.

"Tunasubiri nini, dereva?"

"Abiria wawili, Mheshimiwa. Gari halijajaa."

"Si uwashe basi, tuonekane tunaondoka?"

"Kanuni ya sita. Mmeirudisha Jumamosi, saini ni yako."

Jua likapanda. Sylvanus akalitazama, akatazama barabara tupu, akashuka na kulegeza tai.

"Ugalla!" akaita, akipiga bodi la gari kwa kiganja. "Ugalla, Ugalla! Wawili bado!"