Herufi Zenye Mikia Kwenye Sakafu Mbichi

Jumatatu, tarehe 6

Mgongo umekwisha. Kutwa ni ndoo ya zege kwenda juu, ndoo tupu kurudi chini. Wenzangu wenye ufundi wanaitwa mafundi. Mimi saidia fundi naitwa "we".

Jioni mke wangu akapiga simu kutoka nyumbani. Akasema mama yake anauliza kama mkwewe bado anabeba ndoo. Nikasema hapana, nimepanda cheo. Akauliza cheo gani. Nikatazama huku na huku. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na mchora mabango, anaandika jina la duka la dawa. Yuko kivulini, kakalia kigoda chenye mto, wapita njia wanasimama kumsifu. Sijawahi kuona mtu amesimama kusifu ndoo.

Nikasema mimi sasa ni fundi wa maandishi.

Si uwongo mtupu. Shule niliiacha darasa la sita, lakini mwalimu alikuwa akisema herufi zangu ni nzuri sana, tatizo ni majibu.

Jumanne, tarehe 7

Bahati imenitafuta yenyewe. Nyapara katutangazia kwamba nyumba hii ya wageni inakwisha, na Jumamosi wengi wetu tutaagwa. Ila kuna kazi ya kuandika jina ukutani na maneno kwenye kila mlango. Mama mwenye jengo anakuja Ijumaa. Anayejua kuandika amwoneshe mfano wa kazi yake, akichaguliwa anabaki.

Nikibaki, cheo kitakuwa cha kweli. Nisipobaki, narudi nyumbani na begi, na mama mkwe yuko mlangoni.

Nikavuka barabara kumwomba mchora mabango anifundishe. Akasema nianze na mistari iliyosimama, mwezi mzima, mpaka mkono utulie. Nikamwambia nina muda hadi Ijumaa. Akacheka mpaka brashi ikamtoka nje ya mstari, kisha akanifukuza.

Sijamwambia kitu Pimamaji. Huyu ni fundi wa sakafu, tunalala chumba kimoja. Tumempa jina hilo la kifaa cha kupimia usawa kwa sababu hata kitanda chake amekipima kama kimelala sawa. Kila asubuhi ananiambia changu kimepinda. Mtu wa hivyo humwambii siri.

Jumatano, tarehe 8

Karatasi haitoshi. Herufi nzuri inataka mkono mzima, mpaka begani. Nikazunguka kutafuta mahali pa kujifunzia.

Nikapapata. Ukumbi wa mbele, pale mgeni anapoingilia, Pimamaji alikuwa ametoka kulainisha sakafu. Mbichi, laini, haina hata unyayo. Yeye kamaliza kazi ya siku, kaenda zake. Nikaweka ubao, nikapanda juu yake, nikachukua msumari.

Nilitafuta maneno yenye herufi za kuchezea. Nikaandika KARIBU CHOONI. Herufi ya kwanza nikairushia mguu hadi karibu na ukuta. Zile O mbili zikakaa pamoja kama miwani. Ile I ya mwisho nikaipa mkia, mkia nikaupa majani. Nilisahau mgongo. Nilisahau hata mama mkwe.

Nilipanga kulainisha tena baada ya kupumzika kidogo. Nikaegemea ukuta.

Nilipoamka ulikuwa usiku, na sakafu ilikuwa jiwe.

Alhamisi, tarehe 9

Nyapara katukusanya ukumbini. Akauliza ni shetani gani anayewakaribisha wageni chooni kabla hawajapewa hata ufunguo. Akataka kuona vidole vyetu. Wote tulikuwa na saruji kwenye kucha.

Alipofika kwangu nikamnong'oneza kwamba sakafu ni ya Pimamaji, na aliyeigusa mwisho ni yeye. Akaniuliza nina hakika. Nikaapa.

Pimamaji akajitetea kwamba mwandiko wake ni kama kuku kaparua, jina lake lenyewe linamshinda. Nyapara akasema mwenye kosa ndivyo anavyosema. Akamwambia Jumamosi atakuwa wa kwanza kuondoka. Sakafu ikafunikwa turubai.

Nilimwonea huruma kweli. Jioni akasema hana hamu ya kula. Nikala na fungu lake, lisiharibike.

Ijumaa, tarehe 10

Alfajiri niliandika KARIBU WAGENI kwenye kipande cha mbao, rangi nyekundu, mikia kila upande. Nikavaa shati jeupe. Ili Pimamaji asiuone ubao, niliukumbatia kifuani njia nzima.

Mwenye jengo akafika. Mama mnene, mkali, hana haraka. Kitu cha kwanza alichofanya ni kukanyaga turubai na kuuliza linaficha nini. Nyapara akaanza kikohozi. Mama akalifunua mwenyewe.

Akaufuata mkia wa ile I hadi kwenye majani. Kisha akasema maneno ni ya kipumbavu lakini mwandiko ni wa ajabu, hajauona hata kwenye hoteli kubwa. Sakafu iwekwe vigae. Na aliyeandika apewe ukuta na milango yote.

Nyapara akamsukuma Pimamaji mbele.

Nikaruka. Nikasema mama, mwandishi ni mimi. Nyapara akanigeukia taratibu. "Jana uliapa ni yeye, leo unaapa ni wewe. Wewe tukuamini siku gani?"

Nikasema ninao ushahidi, nikauinua ubao. Rangi ilikuwa bado mbichi. Ubaoni kulibaki uchafu mwekundu. Maneno yote yalikuwa kwenye shati langu, kinyumenyume.

Mama akauliza kama nimechomwa kisu.

Jumamosi, tarehe 11

Wenzetu wameagwa, na kazi ya maandishi kapewa Pimamaji. Nilikuwa nimekwisha kufunga begi nilipomkuta Pimamaji kajikunyata chumbani, brashi mkononi, ameishika kama kijiko. Akasema ndugu yangu, nisaidie, mimi sijui hata pa kuanzia. Hakuniuliza habari za kuapa. Ana roho nzuri huyu, au ameogopa sana.

Tumekubaliana. Yeye kamwambia nyapara hawezi kazi bila saidia fundi, nami nimebaki. Tumetundika turubai mbele ya ukuta, nyuma yake naandika mimi. Mbele anakaa yeye kwenye kigoda, analetewa chai, watu wanamsifu. Leo alimwambia mtu kwamba siri ni kutuliza mkono.

Nami nikaweka sharti: azungumze na mke wangu. Akachukua simu, akasema, "Shemeji, usione anakaa kimya. Mumeo ndiye fundi wetu, sisi wengine tunamshikia ndoo tu." Alilisema vizuri mpaka nikaamini.

Mke wangu akampa mama yake simu. Mama mkwe akaniita "mwanangu". Haijawahi kutokea tangu harusi. Kisha akasema anakuja wiki ijayo, aone kwa macho yake.

Jumapili, tarehe 12

Sina wasiwasi. Nimekaa kitandani nimelipanga jambo lote.

Siku atakayofika, mimi nitakaa kwenye kigoda na Pimamaji ataingia nyuma ya turubai kunichanganyia rangi. Akikataa, nitakwenda kwa nyapara kumwambia kwamba mtu wake hajui kuandika hata herufi moja, na kwamba kazi yote ni yangu.

Nyapara akisita kuniamini, nitaapa.