Picha za Upande wa Wanawake

Jumapili, 5 Oktoba 2025

Kompyuta mpya imefika! Ile kuukuu inanguruma kama mashine ya kusaga, wakati wowote itakata roho. Na ndani yake zimo picha za harusi ya binti yetu Maulida, upande wa wanawake. Siku ile simu zote zilizuiwa mlangoni, akapiga picha mke wangu Saliha peke yake, wenzake wakamwamini. Ikitoka moja tu, hana pa kuuweka uso wake hapa Sur, Omani. Kwa hivyo fundi wa kiume hagusi. Saliha kasema tumwite Jumana, binti wa kaka yake Ghanim, kazi yake ni hizo kompyuta. Aa, wapi! Ghanim atanisimanga mwaka mzima. Nimesema nitazihamisha mwenyewe. Saliha kauliza, bila kutazama wake za watu? Nimeapa.

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimefunika kioo kwa kanga, nimeacha pembe ndogo tu ya kubonyezea. Kila ilichouliza nimekubali. Nani asome, na wakati wowote anaweza kujitokeza mke wa mtu! Ikataka akaunti ya mtandaoni yenye nafasi. Yangu imejaa. Ya kununua sitaki. Nikakumbuka ya Ghanim: alinipa neno lake la siri siku niliyomtilia chaneli ya mpira kwenye televisheni yake. Ana nafasi tele, hatajua. Zimehama zote! Ile kuukuu ikazima, haikuwaka tena. Saliha kanipikia biriani. Shujaa mie!

Ijumaa, 10 Oktoba

Lahaula! Baada ya sala tumevuka daraja kwenda mtaa wa Aija kwa Ghanim, kahawa na halua, majlisi imejaa wanaume. Ghanim anafanya kazi kwenye hifadhi ya kasa ya Ras al Jinz, na televisheni yake ikikaa bila kazi hujionyesha picha za kwenye akaunti yake. Kasa. Kasa anataga. Kasa anarudi baharini. Bi Tufool, kichwa wazi, kanga kaifunga nyongani, anakata kiuno! Na mumewe Nasr kakaa pale pale, bahati kainamia halua. Nikairukia televisheni nikaikumbatia, kanzu yangu ya dishdasha nimeitandaza. Nikasema nasikia kizunguzungu. Ghanim kaizima nipumzike, kaniletea zamzam. Kuna aliyeona? Nasr mbona hakuniaga?

Jumamosi, 11 Oktoba

Asubuhi nimeingia akaunti ya Ghanim, nikafuta picha zote za harusi. Moyo ukatua. Nikafungua kompyuta yetu: folda tupu! Kumbe zimeunganishwa, ukifuta huku, na kule zinakwenda. Saliha kanikuta nimekaa chini. Nikamweleza. Hakupiga kelele, heri angepiga. Kauliza tu, na mama? Marehemu mama yake alifariki mwezi wa Shaabani, na picha zake za mwisho zilikuwa zile, anacheka na mjukuu wake. Nimelia, wallahi, mtu mzima na ndevu zangu.

Jumapili, 12 Oktoba

Jumana kaja. Kaniamkia shikamoo kwa adabu zote, ikaniuma zaidi. Kasema vilivyofutwa hutiwa kwanza kwenye pipa la taka, havipotei hapo hapo. Kabonyeza, zimerudi! Mama mkwe huyo, anacheka! Saliha kaugusa uso wa mama yake kwenye kioo. Kisha Jumana kazitia picha zote ndani ya kompyuta yetu tu, kaiondoa akaunti ya baba yake, kaweka neno la siri analolijua shangazi yake tu, kaniomba, ami, tafadhali, usiiguse tena. Nasr naye kapiga simu kuniulizia afya. Hajui!

Jumatatu, 13 Oktoba

Saliha kanisamehe. Alasiri hii wanakuja Bi Tufool na wenzake kutazama picha. Nimetaka kumfungulia Saliha kompyuta, akute tayari, afurahi. Neno la siri sijapewa, lakini mke wangu namjua. Nimetia jina la Maulida. Sio. La marehemu mama yake Saliha. Sio. Langu. Wala! Sasa imejifunga, na wageni nawasikia wanavua viatu. Alhamdulillahi pana kidude hapa chini, kinaahidi kufuta kila kitu na kuianzisha upya, safi kama ilivyotoka dukani. Safi ndivyo ninavyotaka. Nimebonyeza. Imeuliza kama nina hakika. Nina hakika.