Skrini ya Kumshinda Mwanyumba

Jumatatu, 3 Juni
Baba mkwe katangaza: chumba cha mbele cha nyumba yake tunamoishi sote, chenye dirisha la barabarani, atapewa mkwe mwenye kazi ya kueleweka akifanye ofisi. Wakwe tuko wawili. Mimi nabuni kadi za mialiko kwa kompyuta. Mwanyumba, aliyemwoa dada wa mke wangu, anashona mapazia kwa cherehani ya kukanyaga. Nilimhurumia. Nimeagiza skrini pana ya kisasa, ile inayoonyesha mpaka vinyweleo. Ya zamani nimeshaiuza. Mshindi hageuki nyuma.

Jumanne, 4 Juni
Skrini imefika. Waya wake ni wa HDMI, kichwa bapa. Kompyuta yangu, mkongwe wa watu, mgongoni ina tundu la buluu la enzi zile, la pini. Haviingiliani hata kwa kusukuma. Nimesukuma. Mke akauliza kama sikutazama kwanza. Nikamweleza kwamba haya ni mambo ya kitaalamu. Akasema basi mtaalamu aoshe vyombo. Nimeosha.

Jumatano, 5 Juni
Muuza vifaa aliuliza kompyuta ni ya mwaka gani. Nikamwambia ni nzima. Akatazama dari, akanipa adapta ya kuunganisha waya na tundu. Picha ikaja! Nikamwita baba mkwe aone kadi ya sherehe yake ya kustaafu. Kumbe mashine haina ubavu wa kuijaza skrini ile. Imeivuta picha kwa upana kama shuka kwenye kamba, na ukungu juu. Baba mkwe aliutazama uso wake kwenye kadi, akauliza huyu kiboko ni nani. Mama mkwe alicheka hadi akashikiliwa. Mwanyumba, mnafiki, akasema rangi zimependeza.

Alhamisi, 6 Juni
Muuza vifaa kasema nahitaji kadi ya picha yenye nguvu, kile kipande cha ndani ya kompyuta kinacholisha skrini, ila mashine yangu haina umeme wa kuilisha, heri ninunue kompyuta nyingine. Nikachukua kadi tu. Haraka haraka haina baraka, lakini polepole nayo haina chumba. Nikaichomeka, nikabonyeza swichi. Mlio, moshi, umeme ukakatika nyumba nzima, pamoja na feni ya baba mkwe aliyekuwa amelala. Katika ukimya ule ikasikika cherehani peke yake, inakanyagwa.

Ijumaa, 7 Juni
Chumba kapewa mwanyumba. Akaniomba skrini awaonyeshe wateja mitindo. Nikampa ili aaibike. Akachomeka simu yake, waya mmoja. Ikawaka papo hapo, mapazia yakaonekana uzi kwa uzi. Kisha akaniambia, bila chembe ya kejeli, "Ndugu yangu, lete meza yako humu, patatutosha." Wema wa namna hiyo ni ukatili. Nimehamisha meza.

Jumapili, 9 Juni
Nimetafakari kwa kina. Kosa langu liko wazi: nilianza na kitu kidogo. Nimeagiza mashine ya kuchapa mabango, ya mtumba, upana wa kitanda cha watu wawili. Inafika kesho. Mke wangu ameazima futi ya mwanyumba, anapima mlango mara ya tatu sasa. Sijui anatafuta nini.