Uzi wa Kupimia Barabara

Jumatatu, 4 Agosti

Nimehesabu. Kundi letu la WhatsApp la walimu wa jiografia, shule saba: nimeshatuma nyaraka 41. Shukrani nilizopata, 6. Kati ya hizo, 4 ni dole gumba tu. Nilichopokea mimi ni waraka mmoja, nao ulikuwa ratiba ya msiba.

Mimi! Niliyeuza vitumbua Buguruni nikajisomesha ualimu!

Leo Mwalimu Zulekha wa Upanga karusha notisi zangu za matetemeko. Jina la shule yake juu, kubwa kama bango la duka. Langu kalifuta. Watu wakampongeza, eti hongera dada, kazi safi. Kazi safi ya nani?

Dawa ya mwizi ni mtego. Nimetuma ramani niliyoichora mwenyewe, na majibu yake. Barabara kutoka shule hadi daraja ni kilomita 6.1. Kwenye majibu nimeandika 7.4. Mwalimu wa kweli atapima, ataona. Mwenye kukopi atanasa.

Jumatano, 6 Agosti

Kanasa! Zulekha kairusha ramani na 7.4 yake. Hakupima hata kidogo. Jina langu halipo.

Nimeandika aya nne kundini. Nimedai jina langu lirudishwe kila ukurasa, lisomeke. Mwenyekiti wetu, Mwalimu Polycarp, kasema nina hoja. Mimi na hoja! Ya 7.4 nimeinyamazia. Nitaifichua tarehe 16, tukikutana kusahihisha jaribio la pamoja. Siku hiyo tunachagua mwezeshaji wa somo. Tunagombea wawili, mimi na Zulekha. Kura saba. Nahitaji nne.

Jumatatu, 11 Agosti

Zulekha kapiga simu. Kaomba radhi, tena vizuri. Anasema ana wanafunzi 58 na vitabu vinne, alikuwa anakimbizana na muda. Jina langu karudisha. Kila ukurasa, herufi nene. Nimeringa nyumbani mpaka mke wangu Benedikta kauliza kama nimepandishwa daraja.

Darasani nimewafundisha kidato cha nne kupima kwa uzi. Uzi wa kawaida wa cherehani, nimenunua kwa Khalfani pale Kariakoo. Unaulaza juu ya barabara, unafuata kila kona, kisha unaunyoosha kwenye skeli ya ramani. Watoto 63, vipande 63. Moza hakosei hata milimita. Mkono wa fundi nguo.

Jumatano, 13 Agosti

Jaribio. Katunga Polycarp. Moza katoka mbio, uzi bado kidoleni. Anasema ramani yangu imekuja, na darasa zima wamepata 6.1! Nikacheka.

Kisha nikaacha kucheka. Polycarp naye hapimi. Mwongozo wa kusahihishia kaunakili kutoka kundini, na 7.4 yangu ndani. Swali lina alama kumi. Kumi mara 63 ni 630. Alama 630 za watoto wangu nimezizika kwa mkono wangu!

Benedikta kasema nimpigie Polycarp sasa hivi. Nikamwambia tulia, kuna kura.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimeenda na uzi mfukoni. Mwongozo: 7.4. Nikajifanya kushtuka. Nikapendekeza, kwa uhakika tu, jamani, tupime. Uzi ukasema 6.1. Zulekha akarudia. 6.1. Mpango umekaa!

Polycarp akauliza, sasa hii 7.4 kaiandika nani? Akafunua karatasi za ramani na majibu alizozitoa kundini. Jina langu. Ukurasa wa pili, jina langu. Wa tatu, jina langu. Herufi nene.

Ningeweza kusema kalamu iliteleza. Nikawaza uso wa Moza. Nikasema ukweli wote, na mtego wenyewe.

Zulekha hakufoka. Bora angefoka. Alisema: "Kaka Ansbert, mimi sawa, nilistahili. Hawa wanangu 58 walikukosea nini?"

Swali limefutwa kwa shule zote. Kura: Zulekha sita, mimi moja. Hiyo moja naijua.

Halafu, kazi yake ya kwanza kama mwezeshaji, kaomba niwafundishe walimu wote kupima kwa uzi. Kasema hajawahi kuona njia rahisi kama hii, na notisi za njia hiyo niandike mimi. Nikajifanya kuna vumbi machoni.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimewaambia watoto kila kitu. Nilitegemea kuzomewa. Moza akainua mkono, akasema: "Mwalimu, si sisi tunajua ni 6.1?" Wenzake wakapiga meza. Nimetoka nje kidogo.

Nimetubu. Mitego basi.

Jioni nimemaliza notisi za uzi. Kurasa tisa, michoro kumi na miwili, kazi ya moyo mweupe. Kidole kikawa juu ya kitufe cha kutuma. Nikakumbuka: huu ni waraka wa 43. Shukrani bado 6.

Nimeweka kosa moja tu. Dogo. Ukurasa wa saba. Nitalirekebisha kabla ya jaribio lolote, mtoto haumii, nimeshapiga hesabu.

Na safari hii simsubiri mtu anirudishie haki yangu. Jina langu nimeliweka mwenyewe. Kila ukurasa. Herufi nene.