Maktaba Imeiva, Mashine Kimya

Habari ya asubuhi ile kibarazani ilikuwa moja tu: Fundi Waya katukanwa na watu wa mtandaoni.

"Soma mwenyewe!" Alinisogezea simu usoni kabla sijakaa. "Miaka ishirini nafungua redio, leo mtu ananiuliza kama nimewasha mashine!"

Nikasoma. *Asante kwa kutuandikia. Tafadhali hakikisha kwanza kwamba kifaa kimewashwa.*

"Dharau hiyo!" akadakia Wakili. Si wakili, ni kinyozi, ila ugomvi ukipita hata mtaa wa tatu lazima aufuate. "Wajibiwe leo leo!"

Kibaraza ni cha Dada Sindano, mshonaji. Programu ya mashine yake ya kudarizi ilikufa, na kesho saa mbili asubuhi shule inataka nembo arobaini. Akishindwa, kazi inakwenda kwa yule mpinzani wake wa kona ya pili, na hilo linamnyima usingizi. Fundi Waya ndiye aliyejitosa. Alikuja na kompyuta yake ya mezani, akatangaza kuwa mtandaoni kuna maktaba ya bure ya kuiongelesha mashine.

"Maktaba gani haina hata kitabu?" Wakili alikuwa hajaridhika mpaka leo.

"Ni maandishi ya programu, bwana! Hupewi kilichoiva. Unapewa viungo, kompyuta inapika."

"Siku ya tatu hii. Inapika kwato?"

"Inakompaili! Heshimu neno."

Hapo Fundi hakudanganya. Mara tatu ile kompyuta ilinguruma, ikamwaga mistari kioo kizima, ikamaliza salama. Na mara zote tatu ikaandika: *Kifaa hakijaonekana*. Fundi akawalaani waandishi wa maktaba, akawaandikia malalamiko, akafuta vyote, akaanza upya. Mashine aliifunika kitambaa isipate vumbi, akapiga marufuku mtu yeyote kuigusa. Sisi tukatii kama wajinga, na mimi nilikuwa wa kwanza.

"Fundi, kaka yangu," Dada Sindano aliita kutoka ndani. "Niambie ukweli. Nimpigie mwalimu mkuu nimwombe radhi?"

"Dada, tulia. Kosa ni lao. Wakili, andika!"

Wakili akaichukua simu, akaandika huku akisoma kwa sauti: "Ninyi watu! Mashine yetu imewashwa tangu hamjaota meno!"

"Ongeza hapo!" nikamchochea. "Waambie huku tuna mafundi, hatuna watalii."

"Na atakayebainika kakosea," Fundi akagonga meza, "sheria ya kijiwe iko palepale. Anaosha vikombe wiki nzima!"

"Imekwenda!" Wakili akabonyeza.

Dada Sindano alitoka na pasi mkononi. "Basi ngoja ninyooshe kola. Pisheni soketi." Akainama ukutani. "Jamani. Hapa soketi ni moja."

"Tunajua, dada."

"Na plagi ni moja. Ya kompyuta." Akainuka polepole. "Ya mashine yangu iko wapi?"

Wakili akafunua kitambaa kwa vidole viwili. Waya wa mashine ulikuwa umekunjwa vizuri kabisa, umefungwa na uzi.

"Nani kaichomoa?" nikauliza.

Fundi Waya alikohoa. "Kompyuta nayo ilihitaji pa kuchomekwa."

Nilikwenda mbio kuazima ekstensheni saluni kwa Wakili. Taa ya kijani ikawaka, na kompyuta ikaandika: *Kifaa kimeonekana*. Dada Sindano alicheka na kulia kwa pamoja, kisha akavuta kiti. Nembo ya kwanza ikaanza kutoka, safi, bila uzi kuruka.

"Maktaba yangu lakini ilikuwa nzima," Fundi alinong'ona.

"Tangu juzi," Wakili akamkabidhi sinia la vikombe.

Fundi akashuka ngazi kuelekea bombani, kichwa chini. Dada Sindano hakuinua macho kutoka kwenye sindano yake.

"Fundi, tafadhali hakikisha kwanza kwamba bomba limefunguliwa."