Muuaji Hakuwa Makarius

Jumamosi, 6 Septemba 1997
Nimerekodi! Mchezo wangu wa televisheni, "Nani Kaua?" Otto, fundi baiskeli, kalala sebuleni kama maiti, kafunikwa shuka. Watu watatu mezani wanamtafuta muuaji: mpishi au shemeji? Kituo cha Dar kitanunua tu. Marehemu mke wangu Hilda angefurahi. Kwenye michezo ya redio alikuwa akimtaja mwizi kabla ugali haujaiva. Hakupatia hata mara moja.

Balaa likaingia. Akina mama wa jirani walichungulia, wakaona shuka, wakavua kandambili na kuketi chini wakilia. Nilipouliza nani kaua, Mama Getruda aliyekuwa mezani akasema tusizunguke, ni Makarius, mtaa mzima unajua. Makarius hamo kwenye mchezo! Ni jirani yangu, mwenye bucha. Hapo Otto, kijana wa adabu, akawaamkia wale mama shikamoo, ndani ya shuka. Walitoka mbio, mmoja peku.

Jumapili, 7 Septemba
Mkanda umeondoka na basi la alfajiri, kwa mpwa wangu Calvin aliyeko Dar, aufikishe kituoni. Sina mkanda mwingine.
Kanisani benchi la Makarius lilikuwa tupu, yeye peke yake katikati. Buchani, nzi tu.

Jumatatu, 8 Septemba
Kaja. Na kisu cha kazi kiunoni. Akaniuliza polepole nani kamwita muuaji. Upole ule! Nikasema Otto. Makarius akashangaa: yaani maiti ndiye kanitaja? Nikasema ndiyo. Ee Mungu wangu.

Jumatano, 10 Septemba
Nimehamia ghalani, juu ya magunia ya mahindi. Otto naye yumo. Ananiita mzee, lakini si kwa heshima ya zamani. Kila mlango ukilia tunashikana mikono.
Mwenye duka kaja kuninong'oneza: Calvin kapiga simu. Kituo hakinunui. Wamesema muuaji haeleweki, na maiti anasalimia wageni. Mkanda unarudi na basi.

Ijumaa, 12 Septemba
Makarius kaniwahi stendi. Mkono mmoja mkanda, mwingine ukosi wangu. Akanipeleka kibanda cha video na kuita mtaa mzima. Nikasali sala zote ninazozijua.
Jina lake lilipotajwa, watu wakamgeukia. Kisha ile shikamoo. Mtu akacheka, halafu wote, hata yule wa peku. Makarius hakucheka. Alifuta macho kwa aproni, akasema watoto wake wamezomewa wiki nzima. Jioni watu walipanga foleni buchani. Akaniapisha nisirekodi tena mambo ya kifo. Nikaapa kwa jina la Hilda.

Jumapili, 14 Septemba
Kiapo ni kiapo. Mchezo mpya hauna kifo hata kimoja. Unaitwa "Nani Mchawi?" Kituo hakitakataa. Mama Getruda kakubali kukaa mezani. Anasema waigizaji sina haja ya kutafuta, majina anayo.