Nafasi ya Nne Gatini

Jumatano, tarehe 6 Agosti

Nimechoka kabla sijaanza. Mke wangu ametoa uamuzi huku anakunja nguo, bila hata kuniangalia. Mashua aliyotuachia marehemu baba yake, mimi na shemeji, ina wenyewe wawili na ugomvi usiokwisha. Sasa basi. Jumamosi anakuja kisiwani kwa kivuko cha mchana. Akilala usiku mmoja kwa amani ndani ya mashua, imefungwa gatini, haiyumbi, inabaki kwangu. Nikishindwa, anaichukua kaka yake. Nikamkumbusha kwamba mwaka jana tulisukumwa na upepo. Akasema upepo haukufunga ile kamba.

Kisiwa ni hifadhi. Gati lina nafasi kumi tu, na hakuna kuwekeana: aliyewahi kapata. Jumamosi asubuhi pale ni vita. Shemeji kanishauri nitoke siku hiyo hiyo, alfajiri. Ushauri wa mtu anayetaka nishindwe! Mimi natoka kesho. Nimeomba ruhusa kazini. Mkuu wa masjala akauliza sababu, nikasema mgongo. Si uongo. Utauma tu.

Alhamisi, tarehe 7 Agosti

Nimefika saa nne asubuhi. Gati tupu! Kuchagua nako kunachosha. Nilianza nafasi ya pili, nikahamia ya saba, mgongo ukaanza kweli. Mwisho nikafunga ya nne: ina kivuli, choo karibu, mapipa ya taka mbali. Nikajaza kadi kibandani, nikaitumbukiza kisandukuni. Kando yake kuna ubao mrefu wa masharti. Sikuusoma. Miaka ishirini na mbili nasoma mafaili ya watu, nami nahitaji likizo.

Jioni akapita askari wa hifadhi, dada mpole mwenye daftari. Akauliza nitakaa mpaka lini. Nikamjibu nipo nipo tu, maana mipango haitangazwi. Akanikaribisha, akaandika, akaenda zake.

Ijumaa, tarehe 8 Agosti

Siku nzima nimelinda nafasi. Hata chooni nilikwenda mbio.

Mchana aliingia Mwalimu Mkuu Mstaafu na mkewe, mashua nyeupe, nafasi ya tano. Amefunga kwa dakika mbili, kamba zimenyooka kama mistari ya daftari. Akanisalimia, akayatazama mafundo yangu kwa muda, akauliza kama ningependa kusaidiwa. Nikamwambia haya ni mafundo ya kisasa. Mkewe akaniletea supu. Nikaikataa kwa heshima, nikala mkate mkavu nikiinusa supu yao mpaka magharibi.

Jioni gati limejaa. Mashua ya bluu ikaja kuuliza kama natoka. Baba, mama, watoto watatu. Nikawapungia mkono. Nimechoka hoi, lakini mshindi.

Jumamosi, tarehe 9 Agosti

Saa nne asubuhi, dada askari na daftari lake. Akaniambia muda wangu umekwisha. Nikacheka. Yeye hakucheka. Akanipeleka ubaoni, sharti la tatu: mashua hailali hapa zaidi ya usiku mbili mfululizo, na ikitimiza inaondoka kabla ya saa sita mchana. Alhamisi, Ijumaa. Nikahesabu kwa vidole, navyo vikawa upande wake.

Nikajaribu kila kitu. Nikasema injini mbovu. Akaomba niiwashe. Ikawaka mara moja, kwa mara ya kwanza mwaka huu! Nikasema basi nitazunguka kisiwa nirudi kama mgeni.

"Mzee," akasema, "hata ukizunguka mara saba, kwenye daftari langu mashua yako imeshalala mara mbili."

Nikatoka. Sijafika mbali, mashua ya bluu imeshaingia nafasi ya nne. Yule baba akanipungia mkono. Nikatia nanga nje kabisa, penye mawimbi.

Kivuko kilifika saa nane. Mke wangu akashuka na mto wake wa kulalia, akasimama mbele ya nafasi ya nne akiwatazama watoto wa watu. Nikampigia simu, nikamweleza kwamba nimetolewa kwa sababu niliwahi mno. Nikasema nakuja kumchukua, tulale huku huku nje. Akaitazama mashua inavyopanda na kushuka, akaukalia mto wake. Mke wa Mwalimu Mkuu ndiye aliyemshika mkono akamwingiza kwao.

Saa moja jioni. Naandika nimeshikilia ndoo. Nawaona wanakunywa supu. Mke wangu anacheka. Ni muda sijamsikia akicheka vile, na mimi siko pale. Imeniuma kuliko mgongo.

Jumapili, tarehe 10 Agosti

Nilisogea gatini kwa dakika tano kabla ya kivuko chake. Alikuwa ameoga, uso umepumzika. Mimi sikulala.

"Nimelala vizuri sana, mume wangu," akasema. "Ila si kwenye mashua yako. Mpe kaka funguo."

Nikamwambia yote haya nimeyafanya kwa ajili yake. Akasema anajua, na hilo ndilo linalomchosha.

Jumatatu, tarehe 11 Agosti

Nimerudi masjalani. Mkuu kauliza habari ya mgongo, akashangaa jua lilivyonibabua.

Jioni nimempa shemeji funguo. Hakunicheka, bora angenicheka. Akasema mwisho wa mwezi anataka kumpeleka mkewe kisiwani, Jumamosi, ila hajui nafasi atapataje. Nikamtuliza. Nimejitolea kumtangulizia mashua, nimshikie nafasi mimi mwenyewe. Amenishukuru sana. Mke wangu alisikia yote akiwa mlangoni, akaenda kulala.

Nimekaa peke yangu mezani, nimepiga hesabu upya. Kosa lilikuwa moja tu: nilichelewa kwenda. Safari hii natoka Jumatano.